Sinema Iliyomkimbiza Wifi Lusungu

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kyela, sinema haikukaa mfukoni. Ilikuja kwa gari, tena kiangazi tu, kwa sababu masika barabara zetu zilikuwa mali ya vyura. Ilipokuja hakubaki mtu nyumbani isipokuwa mgonjwa na mchawi, na nasikia hata wachawi walikuwa wanakuja, wanakaa nyuma kabisa.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova ya kijani yenye kipaza sauti juu. Ilianza kupita tangu asubuhi, Bujonde kwanza, kisha Ikolo, ikitangaza picha ya bure jioni kwenye uwanja wa mpira. Siku hiyo mwalimu hakuwa na haja ya kutufundisha, maana sote tulikuwa tunasikiliza barabara. Tukitoka shuleni tulipitia mashamba ya kokoa, tukapasua tunda na kumumunya ule utamu mweupe, kisha tukatema mbegu palepale chini ya mti ili mwenye shamba asikose chake. Ndivyo tulivyojitetea tulipokamatwa. Nyumbani tulioga bila kuambiwa. Mama alipika mapema, ndizi zilizotiwa mawese na usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, akatuonya tushibe kabisa, kwa sababu hatanunua karanga za mtu uwanjani. Watoto wa siku hizi wanaangalia picha wakiwa kitandani, wanaisimamisha katikati waende chooni, kisha wanarudi kuiendeleza. Sisi tulibana.

Picha ninayotaka kuieleza niliiona kipande cha katikati tu, mwanzo wake nilikuja kusimuliwa. Ilikuwa ya zamani hata kwa enzi zile, ya miaka ambayo filamu ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kusema. Haikuwa na rangi, na waigizaji wake walikuwa kama bado wanazishangaa sauti zao, kila mmoja akipayuka utadhani mwenzake yuko ng'ambo ya mto. Ilikuwa ya kuchekesha. Fundi saa mmoja, maskini wa Mungu, ananyeshewa na mvua njiani, anaazima suti ya mtu, anakwenda kurekebisha saa ya ukutani kwenye nyumba ya matajiri. Siku hiyohiyo matajiri wale wanamsubiri mchumba wa binti yao, kijana wa ukoo mkubwa ambaye hawajawahi kumwona. Basi fundi saa anapokelewa kama mkwe, anakalishwa, analishwa kuku. Mchumba mwenyewe anafika baadaye akiwa amelowa chapachapa, wanadhani ni kibarua, wanampeleka jikoni kumenya viazi. Kijana anaona aibu kusema yeye ni nani. Siku zinapita, na kumbe jikoni kunampendeza, anacheka na mpishi, anajua kukaanga vitunguu. Mpaka hapo naijua.

Ili mwelewe kwa nini sikuona mwisho wake, lazima niwaeleze kwanza habari za wakwe.

Kwetu Unyakyusa, na kwa ndugu zetu wa Karonga ng'ambo ya mto Songwe, mke wa mtoto na baba mkwe wake walikuwa hawatazamani. Sisemi ile adabu ya kuinamisha kichwa kidogo kisha mambo yakaendelea. Hawakutazamana kabisa. Mwanamke akisikia baba mkwe anakuja, anatoka njiani, anaingia migombani, anajifunika kanga na kugeuka mpaka mzee apite. Nyumba aliyomo haingii. Jina lake halitamki, na neno lolote linalofanana na jina hilo analitafutia lingine. Mzee naye ana wajibu wake. Akikaribia kona anakohoa, ili asimkute mwenzake ghafla. Mama yangu alikuwa akituambia, "Mkwe anaheshimiwa kwa mgongo." Na tuliambiwa kwamba mwanamke akiuvunja mwiko huu anaumiza tumbo lake mwenyewe, mtoto atakayezaliwa hatakuwa na afya. Walikuwapo Wakristo walioanza kulegeza. Nyumba yetu ilikuwa ya Kikristo pia, lakini mama aliimba kwaya Jumapili na kushika mwiko siku zote saba, wala hakuona shida.

Kaka yangu mkubwa, Ambakisye, alikuwa utingo wa lori la kusomba mpunga kwenda Mbeya. Alimwoa Lusungu, binti wa Karonga, aliyefiwa na baba yake kabla hajaota meno. Siku ya arusi baba yetu hakuwepo. Alikuwa fundi wa injini kwenye meli iliyokuwa ikitoka Itungi kwenda kusini, na meli ilikuwa imezuiwa na upepo wa mwera huko Mbamba Bay. Arusi haisubiri meli. Baba mdogo, mdogo wake baba, akasimama mahali pake, akapokea wageni, akakaa kwenye kiti kikubwa kwa furaha ambayo haikuwa ya mtu anayeshika nafasi ya mwingine. Wifi alikuwa amefunikwa kanga, macho chini. Alichoona cha mkwe wake ni viatu vya raba vyeupe. Mmoja wa shangazi zetu akamnong'oneza kwamba mwenye raba zile ndiye mkwe wake.

Shangazi hakudanganya. Ndugu wa baba mkwe naye ni mkwe, anaepukwa vilevile. Ila hakuna aliyekumbuka kumwambia bibi arusi kwamba yuko mwingine, mwenyewe hasa, anayekuja. Na yeye angeuliza vipi? Jina haliulizwi. Sura haitazamwi. Akaingia kwenye ukoo wetu akiwa anaujua kwa viatu.

Tangu hapo baba mdogo aliepukwa kuliko mkwe yeyote wilayani. Alikuwa na baiskeli yenye kengele kubwa, na wifi aliposikia kengele ile alikuwa tayari kuingia popote. Siku moja aliingia kwenye mfereji wa mpunga na beseni la nguo kichwani, akasimama humo maji yakimfika magotini mpaka kengele ilipopotea. Baba mdogo alilipenda jambo hilo mno. Ninaamini alikuwa akipiga kengele hata asipokuwa na sababu, na njia ya kwenda kilabuni ikaanza kupitia mahali ambapo haijawahi kupitia. Sisi watoto tulikuwa tunajificha kuangalia, tunacheka mpaka tunajikunja. Hakuna aliyeshangaa wala kumwuliza wifi chochote, kwa kuwa alichokifanya kilikuwa sahihi.

Kijana wa kwetu akioa hajengi mlangoni kwa baba yake, na sababu ndiyo hiyohiyo. Kaka alipanga chumba Itungi, karibu na bandari. Yeye alikuwa safarini wiki nzima, anarudi Jumapili amejaa vumbi la pumba. Wifi hakuwa mtu wa kukaa bure. Akafungua kibanda cha mama ntilie, akapika wali na samaki wa mbasa kwa mabaharia na makuli. Meli ilipotia nanga walikuja kula, na mmoja wao alikuwa mzee mwembamba, mikono myeusi kwa grisi, ambaye wenzake, watu wa kutoka mikoa mingine, walimwita Mzee wa Injini, basi. Huyo ndiye aliyekuwa baba yetu.

Haya mengine sikuyaona, nimeyasikia kwa wifi mwenyewe, tena miaka mingi baadaye. Alisema mzee yule alikuwa anakula polepole, na alipenda ukoko. Siku ya kwanza alimaliza akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa lugha yetu, akaondoka. Siku ya pili wifi alimwekea ukoko pembeni, akamweleza kwamba yeye ni mtu wa Karonga, ameolewa na utingo wa lori la mpunga, kijana wa Bujonde. Mzee akatazama sahani. Kisha akauliza kama kuna ukoko zaidi. Kisha, bila kuombwa, akaanza kumsimulia habari ya fundi saa.

Alikuwa ameiona picha ile ng'ambo, Nkhata Bay, mara zote meli ilipolala huko na ukumbi ukawa umefunguliwa. Akaisimulia kipande kipande, kila meli iliporudi. Alimwigiza mama tajiri kwa kujitanda kitambaa cha kufutia mikono. Alimwambia wifi kwamba watu walioitengeneza walikuwa wachache, hawana fedha, na kwamba ukitazama vizuri utaona sebule na chumba cha kulala ni chumba kilekile, wamebadilisha mapazia tu, na mlango ukibamizwa ukuta mzima unatikisika. Alisema hivyo kwa kuwasifu. Wifi alicheka akaunguza wali. Alikuwa hajawahi kusimuliwa hadithi na mwanamume mzima. Kwao alilelewa na bibi kiziwi.

"Nilikuwa nahesabu meli," aliniambia. "Ikichelewa nilikuwa nakasirikia ziwa."

Mimi niliposikia haya nilimwonea wivu, na sioni sababu ya kuficha. Baba niliyemjua mimi alikuwa mtu wa ndiyo na hapana na fungeni mlango mbu wanaingia. Akifika nyumbani alinawa, akala, akakaa upande wake. Tulimheshimu, tukanyamaza, naye akanyamaza. Kumbe ndani yake mlikuwa na mama tajiri aliyejitanda kitambaa, na sisi watoto wake hatukumwona hata siku moja.

Basi gari la sinema likaja, na mtangazaji akasema picha ya leo ni ya fundi saa. Wifi alifunga kibanda mapema. Alikuwa na mimba ya kwanza, miezi sita au saba, lakini alibeba jiko, birika na vikombe vya bati mpaka uwanjani ili auze chai. Mzee wa Injini alikuwa amemwahidi atakaa karibu naye, amweleze pale ambapo mfasiri atakosea, maana wafasiri wa kipaza sauti walikuwa na tabia ya kutunga yao. Hadithi ilikuwa imefika jikoni kwenye viazi, na alikataa kabisa kumweleza mwisho. Huo, alisema, auone kwa macho.

Sisi tulitoka Bujonde na mama jua likizama, mikeka kichwani. Baba alikuwa amesema ataungana nasi akitokea Itungi, kwa hiyo mama alimchukulia koti, kwa kuwa upepo wa ziwani ukianza jioni haumwulizi mtu umri. Tulichelewa. Tulipofika picha ilikuwa imekwenda mbali, fundi saa yuko kwenye kiti cha heshima, mchumba yuko jikoni na aproni, uwanja unacheka mpaka mbwa wanabweka. Niliketi na watoto wenzangu mbele, shingo juu. Kuta kweli zilikuwa zinatikisika.

Baadaye mama akaniita tumtafute baba. Tulimkuta nyuma, karibu na Landrova, penye wauza karanga na chai. Mwanga wa mashine ulikuwa unampitia usoni. Alikuwa ameketi juu ya kreti, kinywa wazi, anacheka na kupiga paja, mkono mwingine unaonyesha kwenye pazia la sinema, anamweleza jambo mwanamke aliyeketi kando yake akimimina chai. Nilipita. Mama ndiye aliyenivuta. Sikumjua baba yangu, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona akiwa hivyo.

Mwanamke wa chai alikuwa wifi. Naye alikuwa anacheka, kanga imeshuka mabegani, kichwa wazi, uso umemgeukia mzee.

Mama alisimama pale kwa muda.  Kisha akanyoosha lile koti na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Ambakisye, vaa, baridi."

Wifi alimjua mama, mama mkwe haepukwi. Alimtazama mama, akatazama koti, akamtazama anayevishwa. Ambakisye alikuwa mume wake. Birika lilikuwa bado mkononi, na chai iliendelea kumwagika kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Kwenye pazia nadhani kulikuwa na jambo kubwa linatokea, maana uwanja ulilipuka kwa kicheko. Wifi akaweka birika chini taratibu. Akavuta kanga juu ya kichwa mpaka ikamfunika uso, akageuka, akainuka kwa shida na lile tumbo lake. Akapita nyuma ya gari, akaingia njia ya mashamba ya mpunga. Hakukimbia alipokuwa kwenye mwanga. Alianza kukimbia alipofika gizani, nilisikia miguu.

Baba hakugeuka. Aliingiza mkono mmoja kwenye koti, kisha wa pili, macho yakiwa kwenye pazia, na hakuwa anacheka tena. Mama aliniambia nikusanye vikombe. Nikavikusanya nikilia, kwa sababu nilijua tunaondoka na picha haijaisha. Njiani kurudi tulisikia uwanja unacheka nyuma yetu mara mbili, mara tatu, kisha tukawa mbali.

Mama hakumwambia mtu. Hakugomba, hakuitisha kikao. Alipeleka jiko na birika Itungi kesho yake, akakaa na wifi siku nzima, na tangu hapo baba akawa anakula melini. Miezi iliyobaki wifi aliishi na hofu ambayo leo siwezi kumweleza kijana akaielewa. Kila mtoto alipotulia tumboni aliamini amemwua kwa kicheko. Asajile alipozaliwa alikuwa mnene, analia kama kengele ya baba mdogo, na wifi aliniambia kwamba alipomshika alifurahi, halafu papo hapo akaudhika. Alikuwa ametishwa bure. Lakini ulikuwa umeshapita muda, na mwiko ukisharudi mahali pake hakuna anayejua auondoe kwa mkono gani.

Baadaye kaka alijenga Bujonde, upande wa pili wa migomba yetu. Wakaishi hivyo, baba huku, wifi kule, miaka na miaka. Nikiwa msichana nilikuwa naona jinsi baba anavyorudi kutoka mtoni. Alikohoa kwenye kona, na wifi akasimama nyuma ya migomba amefunika kichwa, mgongo umeelekea njia. Kila mtu anatimiza wajibu wake, wazee wanasifu, huyu binti wa Karonga ana adabu. Nilichokuwa sikioni nilikuja kuambiwa na wifi. Baba alikuwa akifika pale anapunguza mwendo. Mtu ambaye njia nzima alitembea haraka, pale alipita polepole kama aliyebeba maji, na yeye wifi alikuwa anasikiliza kila hatua mpaka ya mwisho.

Hakuna aliyesema neno. Siwalaumu. Ninawasikitikia, hilo ndilo ninaloweza kusema.

Baba alipougua, wifi ndiye aliyepika uji, watoto wakaupeleka. Bakuli lilirudi tupu, na baadaye halikurudi tupu, na mwishowe hatukulipeleka tena. Siku ya mazishi wifi alilia nyuma, pamoja na wanawake wa jirani, kwa sababu hata maiti ya mkwe haisogelewi. Watu walisema analia sana kwa mtu ambaye hajawahi kuongea naye.

Matanga yalipokwisha mama akamwita. Nilikuwepo, tulikuwa tunapeta mchele. Mama alisema bila kuinua macho kwenye ungo, "Alijua, mwanangu. Tangu siku ile ya pili, ulipomtajia utingo wa Bujonde. Aliniambia mwenyewe, akiwa kitandani."

Wifi aliacha kupeta.

"Nilimwuliza, kwa nini basi hukuondoka. Akasema, nilikwenda kula wali nikakuta mtoto anayesikiliza. Akasema hawa wa nyumbani sijui niwaanzie wapi." Hapo mama aliniangalia mimi, akaona huruma, akarudi kwenye ungo wake. "Na mimi, unisamehe, nilidhani nampelekea koti tu."

Siku hizi mambo yamelegea, na si mimi wa kusema yakazwe tena. Mwezi uliopita nilikwenda kwa wifi. Kaka Ambakisye amezeeka, anakaa sebuleni kwenye sofa la kitambaa chekundu, na kando yake, bega kwa bega, alikuwa amekaa mke wa kitinda mimba wao, binti wa Dar es Salaam, mchangamfu, kucha za rangi. Anamwita kaka "dadii". Alipofika mara ya kwanza alimkumbatia uani mbele ya majirani, na bibi mmoja wa Ikolo aliyekuja kuuza dagaa akaondoka na ndoo yake bila kuuza. Nikamwomba binti huyo anitafutie kwenye simu ile picha ya zamani.

"Inaitwaje, shangazi?"

Nikamwambia silijui jina. Akauliza waigizaji ni akina nani. Nikamwambia mmoja alikuwa na masharubu. Akauliza ni ya mwaka gani, nikamwambia ya zamani, ukuta wake unatikisika. Akaandika hivyohivyo, maskini, ukuta unatikisika, akaletewa matangazo ya saruji. Tulicheka sote. Kisha akarudi kukaa pale kwenye sofa na simu yake. Kaka naye ana ya kwake, watoto wamemnunulia, anaangalia mpira wa nchi ambazo hawezi kuzitaja. Walikaa hivyo, mkwe na mkwe, mabega yanagusana, na mimi nilikunywa chai yangu kikombe kizima nikaongeza kingine kabla hawajasemezana. Hakuna ugomvi kati yao, wanapendana vizuri tu. Binti akicheka, kaka hamwulizi anacheka nini.

Wifi alikuwa anawaangalia kutoka mlango wa jikoni. Nilimfuata, nikamkuta ameshika mwiko lakini hakuna sufuria linalochemka. Kichwa kimejaa mvi, na bado kanga anaivuta mbele kila anapotoka uani, mazoea. Nikamwambia, kwa kumtania, kwamba wakwe wa siku hizi wana bahati, hawaingii mferejini.

Hakucheka. Alisema, "Yule alijua mimi ni nani, akakaa. Anakuja, anakula, anakaa. Mimi nilipojua niliinuka."

Nikamwambia alikuwa na mimba, alikuwa mtoto wa watu, mwiko ni mwiko, na mama alikuwa amesimama pale.

"Mama alikuwa mmoja, na mama angenyamaza, si alinyamaza maisha yake yote," alisema wifi. "Uwanja mzima ulikuwa unaangalia kwenye pazia, Atu. Nani angeniona?"